Bi Mwanapili Hatazamwi Ovyo

Picha zilikuwa kumi na moja, na kila Ijumaa Bi Salhiya Msabah alizihesabu. Akishasali adhuhuri na kula, hufunga mlango wa chumba chake kwa komeo, huvuta foronya ya zamani kutoka chini ya godoro, huzitoa moja moja na kuzipanga juu ya kitanda kama mtu anayegawa karata. Kumi na moja. Hazizidi, kwa sababu waliomo ndani yake hawazai tena, na hazipungui, kwa sababu yeye hapotezi kitu.

Ijumaa hiyo zilikuwa kumi.

Akazihesabu tena akianzia mwisho. Kumi. Akaigeuza foronya ndani nje. Akanyanyua godoro kwa bega, akapitisha mkono kwenye mbao za kitanda, akatoka na vumbi na kibanio cha nywele alichokisahau tangu Idi ya mwaka juzi. Hakuwa na haja ya kujiuliza ni ipi iliyokosekana. Zile kumi zilikaa pamoja kama abiria. Ya kumi na moja ilikuwa na nguo yake peke yake, kipande cha kaniki, imeviringwa mara mbili. Kaniki ilikuwepo. Ndani yake hamna kitu.

"Kumbe," alisema Bi Salhiya, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akilisubiri jambo.

Picha ile ilikuwa ya mama yake, Bi Mwanapili, na hakuna nyengine duniani. Msabah, baba mtu, alikuwa mpishi wa meli, akiondoka hupitisha miezi minane, akataka sura ya mkewe ya kwenda nayo. Wakaenda studio ya Mhindi mmoja pale Hurumzi, mlango ukafungwa, mke wa Mhindi ndiye aliyepiga. Bi Mwanapili akavua buibui, akavua na mtandio, akakaa kitini kichwa wazi, misuko imemwangukia mabegani, anatazama mbele kama mtu aliyeulizwa suali na hataki kulijibu. Miaka miwili baadaye alifariki, Salhiya ana miaka tisa. Msabah aliporudi safari alimkabidhi mtoto picha, akamwambia, "Huyu alijifunua kwa ajili yangu mie. Mwanamume asiye wake asimtie machoni."

Basi Salhiya akaishika amri hiyo miaka sitini na mitano. Hata marehemu mumewe, ambaye kwa sheria anaruhusiwa kumtazama mkwewe, alioneshwa mara moja tu, naye amesimama mlangoni.

Lakini haikuwa sitara peke yake. Kuna jambo Bi Salhiya hakuwahi kumwambia mtu: sura ya mama yake haimo kichwani mwake. Anaukumbuka mkono. Anakumbuka harufu ya mkate wa ufuta, na sauti ikimwita kutoka uani. Uso hana. Uso wote umo katika karatasi ile isiyozidi kiganja, na karatasi hiyo ikipotea, basi atafiwa na mama kwa mara ya pili, naye ana miaka sabini na minne.

Na mwizi anamjua.

Mwizi alikuwa jikoni wakati ule, anakosha vyombo na kuimba kidogokidogo. Faiza, mke wa Mbarouk. Mbarouk ni mtoto wa pekee wa Bi Salhiya, fundi umeme, kazi yake imempeleka Pemba, anarudi kila baada ya wiki tatu. Faiza ni mtu wa Makunduchi, mshonaji wa kofia za viua, na ana miaka sita katika nyumba hii ya Mkunazini. Bi Salhiya hakuwa na neno naye, ila mambo machache tu. Anacheka peke yake. Anatia ndimu kwenye kila kitu. Na akisemwa hujibu kwa upole, na upole wa mkwe, kwa Bi Salhiya, ni kitu cha kuangaliwa kwa karibu.

Mwaka huu Faiza alijipatia shughuli mpya. Jumapili na Jumatano, ikishaadhiniwa alasiri, anavaa buibui lake anakwenda Michenzani, kwenye fleti ya Bi Nadra, mwalimu wa kuchora aliyestaafu. Huko wanakaa wanawake saba wanane na mikasi. Kama mwezi mmoja nyuma alikuja akakaa chini pembeni ya kiti cha mkwewe.

"Mama, huna picha za zamani? Za kina bibi?"

"Za kufanyia nini?"

"Tunafanya madaftari. Unabandika picha, unabandika kitambaa, barua, gazeti la zamani, chochote chenye habari. Unapaka rangi, unashona kama unataka, unaandika. Kila ukurasa na mambo yake."

"Na ikishabandikwa, inabanduka?"

Faiza akacheka. "Haibanduki, Mama. Tunatumia uji wa ngano, mzito."

"Basi sina."

"Hata moja?"

"Sina, mwanangu. Sisi tulikuwa hatupigwi picha. Tulikuwa tunafanya kazi."

Hilo ndilo lililomrudia sasa, amekaa kitandani na kaniki tupu mapajani. Kumbe msichana hakuuliza ili ajibiwe. Aliuliza ili aone macho yanaelekea wapi.

Bi Salhiya si mtu wa kupiga kelele kabla ya kushika mkono. Alikula chakula cha usiku, akasifu mchuzi, jambo lililomfanya Faiza amtazame mara mbili, na asubuhi akashuka ngazi kwenda kwa Bi Mwamvua.

Bi Mwamvua anakaa chini, mlango wake unatazama ngazi, na hakuna anayepanda wala kushuka asimjue. Walikuwa majirani miaka arubaini. Bi Salhiya alikaa barazani, akaulizia magoti ya mwenzake, akaulizia bei ya nazi, akatazama pembeni.

"Mkwe wangu siku hizi anatembea sana."

"Anatembea!" Bi Mwamvua alisogea. Alikuwa akiingojea fursa hiyo. "Mie nilikuwa sitaki kusema. Juzijuzi nimemkuta Darajani. Unajua ananunua nini?"

"Ndimu."

"Zafarani! Zafarani, Bi Salhiya. Nkajisemea, huyu anapika biriani siku ya Jumatano, kuna harusi gani sijaalikwa? Na chupa ya marashi. Na uzi mwekundu."

"Anashona kofia."

"Nyekundu? Kofia ya nani hiyo, ya Shetani?"

Bi Salhiya hakucheka. Zafarani na marashi, mtu wa Unguja akivisikia vimetajwa pamoja, kama si biriani basi ni kombe: aya huandikwa sahanini kwa zafarani, hukoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Hiyo ni dawa, na haina lawama. Lakini kalamu inayoandika ya kheri huandika na ya shari. Ongeza uzi mwekundu. Ongeza na picha ya mtu.

"Mie sisemi kitu," alisema Bi Mwamvua, ambaye alishasema. "Ila mtoto wako yuko Pemba, na mwanamke yuko juu na sindano."

Jumapili alasiri Faiza aliaga. "Mama, mie nnakwenda. Chai iko kwenye chupa."

"Nenda salama."

Bi Salhiya alihesabu hatua zake mpaka mlango wa chini ukalia. Akangoja kidogo, kwa sababu watu wenye jambo husahau kitu makusudi wakarudi. Hakurudi. Ndipo Bi Salhiya akaingia chumbani kwa mwanawe, chumba ambacho hajakikanyaga tangu siku ya fungate.

Alipekua kwa adabu. Kabati hakulifungua, kwa kuwa mambo ya mke na mume yana mwisho wake. Alitazama chini ya kitanda, alitazama nyuma ya cherahani, na baina ya kabati na ukuta mkono wake ukagusa ubao, na juu ya ubao karatasi nene imebanwa na vibanio vya nguo.

Akaivuta kwenye mwanga.

Bi Mwanapili alikuwa katikati. Uso ule ule, macho yale yale yasiyotaka kujibu. Lakini kitambaa cheusi kimemfunika kichwa na kumzunguka mpaka shingoni, kama mtu aliyekabwa. Pembeni mwa kichwa karatasi imetobolewa vitundu vidogo vidogo, kwa sindano, mviringo mzima, na ndani ya vitundu uzi mwekundu umeingia na kutoka. Karafuu tatu zimebandikwa chini. Na upande wa kushoto kipande cha kanga, ya zambarau. Bi Salhiya akakisogeza machoni. Kanga yake! Ile iliyopasuka akaitoa ikawa dekio. Kipande cha nguo yake aliyoivaa mwilini.

Halafu maandishi, ya rangi ya zafarani, yamepinda kumzunguka marehemu.

Kurani Bi Salhiya anaisoma tangu ana miaka saba. Hizi herufi za kizungu ndizo zilizomshinda, au yeye ndiye aliyezishinda. Miaka ya sabini alipelekwa kisomo cha watu wazima, akakaa mwezi mmoja. Mwalimu, kijana wa mtaa, akamwambia asimame anapojibu. Bi Salhiya akamwambia, "Mie nshakuona ukiogeshwa uani huna nguo, leo nikusimamie?" Akachukua daftari lake akarudi nyumbani kwenye visheti vyake vya kuuza, na kwa visheti hivyo akamlea Mbarouk baada ya kufiwa na mume, na herufi za mwezi ule mmoja ndizo anazozitumia mpaka leo. Aliweka kidole chini ya maandishi akaanza kuyatafuna. Sa. Salhi. Salhiya. Akapumzika. Mto. Mtoto wa. Mwa. Mwana.

Salhiya mtoto wa Mwanapili.

Akakaa kwenye kitanda cha watu bila ya kutaka. Maisha yake yote yeye ni Salhiya Msabah. Kwenye cheti cha ndoa, kwenye kitambulisho, msikitini akitajwa kwenye dua. Mahali pamoja tu mtu hutajwa kwa jina la mama yake: kwa mganga. Kule hawamtaki baba. Humtaka mama, ili wasikosee mtu.

Jina lake, mama yake, nguo yake, sindano. Hakukubaki cha kuuliza. Mwanamke huyu anamfunga, na kamba aliyotumia ni Bi Mwanapili.

Hakwenda kwa shehe. Kwenda kwa shehe ni kueleza, na ukishaeleza, nyumba imeshatoka nje. Dawa yake alikuwa anaijua mwenyewe: kilichoandikwa kwa zafarani hutolewa kwa maji. Maandishi yatakwenda, uzi utalegea, na picha ataikausha airudishe kwenye kaniki. Aliibeba karatasi kwa ncha za vidole, akateka maji kwenye beseni la bati, akamimina chupa nzima ya marashi, akatawadha, akafunga dirisha la roshani. Akaanza Ayatul Kursiyu, na kwa kila mara moja akaisukuma karatasi chini ya maji.

Mwanzo ilitoka rangi. Ilitoka kama moshi wa manjano, ikajaa beseni. Akazidi kusoma. Karafuu zikaelea. Uzi ukalegea vitunduni. Kipande cha kanga kikabanduka, kikazama. Halafu kile kitambaa cheusi kikanyanyuka upande mmoja, taratibu, kama mwanamke anapofika kwake akashusha buibui, na chini yake zikaonekana nywele. Misuko na mistari yake, kama ilivyokuwa siku ile studio. Hazikukatwa. Hazikuchomwa wala kuchorwa kitu.

Bi Salhiya akakatisha aya.

Anayemroga mtu hamsitiri. Kitambaa kile, sasa kinaelea peke yake juu ya maji, kilikuwa kimekatwa kwa kufuata paji la uso, kikapinda kwenye sikio, kikashuka chini ya kidevu, kama vile anavyojifunga mwanamke wa heshima anapotoka. Ulikuwa ushungi. Faiza alimvisha mama yake ushungi, kwa mkasi na uji wa ngano, asitazamwe.

Alitia mikono yote miwili kumtoa. Alichelewa. Uso wa Bi Mwanapili ulikuwa umeshaanza kutawanyika, shavu limekwenda upande wake, rangi inamwagika kutoka kwenye macho, na karatasi ikamvunjikia mkononi kama mkate uliotiwa chaini. Alichokibakisha ni rojo.

Aliumwaga mchanganyiko ule kwenye shina la mwasumini roshani, kwa sababu maji yaliyosomewa hayamwagwi chooni. Rojo alilikamua akalitia kwenye kaniki, akairudisha chini ya godoro. Yote hayo aliyafanya barabara, bila ya kuacha tone sakafuni, na baadaye hakukumbuka hata moja.

Magharibi Faiza alirudi. Alisikika chumbani kwake, kabati linasogezwa. Likasogezwa tena.

"Mama!"

"Naam."

"Kuna mtu aliingia huku?"

"Mtu gani?"

"Kuna karatasi yangu. Niliibana kwenye ubao. Ubao upo, karatasi haipo."

"Sijaona karatasi," alisema Bi Salhiya.

Neno lilitoka lenyewe, kavu, na likishatoka akalisimamia. Ndivyo alivyo. Faiza alisimama mlangoni. Pua yake ikacheza kidogo. Nyumba nzima inanukia marashi.

"Nimetia marashi," alisema Bi Salhiya. "Kwani ni haramu?"

"Hapana, Mama."

Na ule upole tena. Safari hii ulimchoma.

Siku mbili alikaa hivyo. Akifumba macho anamtafuta mama yake, na kila akimtafuta anamuona ndani ya beseni, shavu huku, jicho kule. Alijaribu kuanzia kwenye mkono anaoukumbuka, aupandie mkono mpaka kwenye bega, kutoka bega afike usoni. Alifika kwenye bega, mbele yake hakuna njia. Akawa hali vizuri. Na huku anamchunga Faiza, maana mtu aliyeficha jambo huona kila mtu anamchunguza, na kweli Faiza alikuwa anatazamatazama: anatazama kapu la taka, anatazama nyuma ya majagi. Jumatatu alinunua kufuli akaitia kwenye mlango wa chumba chake. Bi Salhiya alipita mbele ya kufuli ile mara nne bila ya kuwa na safari.

Jumanne asubuhi alisikia sauti kwenye ngazi.

"Mie nnakuuliza kwa heshima tu, Bi Mwamvua. Jumapili nilipotoka ulikuwa umekaa hapa. Nani alipanda?"

"Unaniuliza mie? Mie ni bawabu wako?"

"Kila siku unajua aliyepanda, hata paka unamjua. Jumapili tu ndiyo hujui?"

"Ewe mtoto, sema unalotaka kusema!"

"Nnasema karatasi yangu imechukuliwa, na Jumamosi inatakiwa Shangani kwenye maonesho, na aliyeichukua ni mtu aliyekuwa anajua kama niko nje."

"Basi mie mwizi! Jamani, waja mnisikie, mie Mwamvua, umri huu, mwizi wa makaratasi! Nikayafanyie nini, nifungie karanga?"

Milango ya jirani ikaanza kufunguliwa. Bi Salhiya alisimama juu, kashika mkono wa ngazi. Angeweza kurudi ndani. Bi Mwamvua ana ulimi, angejitetea, na baada ya wiki mbili wangesahau. Lakini Bi Salhiya katika maisha yake amefanya makosa mengi na yote aliyabeba mwenyewe, hakuwahi kumbebesha mtu, na hakuona sababu ya kuanza leo.

"Faiza! Panda juu."

"Nnakuja, Mama, huyu kwanza…"

"Panda juu. Karatasi yako niliikosha mie."

Faiza akageuka, akatazama juu.

"Uliikosha?"

"Niliikosha. Kwa marashi."

"Haya," alisema Bi Mwamvua kutoka chini, "na jina langu mie litakoshwa na nani?"

"Nyamaza, Mwamvua. Zafarani nani aliyeniambia?"

Mlango wa chini ukafungwa.

Walikaa sebuleni wawili wao. Bi Salhiya alieleza yote akiwa amenyooka kitini, hakuruka kitu: kaniki, zafarani, sindano, jina. Hakuomba radhi. Alieleza kama anayetoa ushahidi mahakamani juu ya mtu mwengine. Faiza alisikiliza, mkono mdomoni. Mwisho Bi Salhiya akaileta kaniki akaifungua.

"Hiki ndicho kilichobaki. Ulikuwa unamtaka umbandike. Haya, mbandike."

Faiza alilitazama lile rojo, lililokwisha kukauka likawa kama kipande cha ganda la yai. Halafu akafanya jambo ambalo Bi Salhiya hakulitegemea. Akacheka, akaanza na kulia humo humo.

"Mama, hiyo ni kopi."

"Nini?"

"Kopi. Karatasi ya mashine. Mie ntaibandikaje picha yenyewe? Picha yenyewe haitoki rangi majini, Mama, ingetoka nzima. Yenyewe iko kwa Bi Nadra, imewekwa chini ya vitabu, pembe zilikuwa zimejikunja. Ilikuwa irudi Alhamisi, umeme ukakatika dukani, kopi ikachelewa."

Bi Salhiya alimtazama. Alitafuta mahali pa kumshika.

"Uliingia chumbani kwangu ukaichukua."

Faiza akatazama chini.

"Uliingia au hukuingia?"

"Sikuingia, Mama. Mie hata sijui unaiweka wapi."

"Basi ilitoka na miguu yake?"

Faiza akawa anakunja ncha ya mtandio wake. Na katika kule kutojibu, Bi Salhiya akapata jibu, akalikataa, likarudi. Kuna mtu mmoja tu mwengine anayejua foronya inakaa wapi. Aliyeoneshwa picha ile siku ya harusi yake, kwa kuwa yeye ni mjukuu. Aliyeondoka kwenda Pemba Jumatano, akamkumbatia mama yake mlangoni kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Mwanangu mie?"

"Alitaka uione ukutani, Mama, na watu wanakupongeza. Akaniambia nisiseme, atakuambia mwenyewe. Na ule ushungi pia alisema yeye, kwanza. Kukata nilikata mie. Mshono ni wa kofia tu, nilitoboa vitundu kama vya kofia. Na jina, niliandika la mama yako kwa sababu ukurasa ni wake yeye. Sikufikiria ya waganga."

"Kila siku unatoboa kofia mbele yangu," alisema Bi Salhiya polepole, "na mie sikuujua mshono." Kisha akasimama. "Buibui langu liko wapi?"

"Unakwenda wapi?"

"Michenzani. Sasa hivi. Kopi, vitabu, mie sijaona kitu. Nimeambiwa tu."

Walikwenda kwa miguu, na Bi Salhiya alitangulia. Bi Nadra aliwafungulia akiwa na gundi mpaka kwenye viwiko, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. "Shikamoo, Bi Salhiya, karibu, leo tumepata mgeni mkubwa."

"Marahaba. Iko wapi?"

Ilitolewa chini ya vitabu vitatu vizito. Bi Salhiya aliipokea kwa mikono miwili, akaipeleka dirishani. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akainusa. Akatia ulimi kidogo kwenye kidole na kukigusisha pembeni, aone kama rangi inatoka. Haikutoka. Akatafuta ile alama ya jino la panya, chini ya kiti alichokalia mama yake pichani, ilikuwepo. Akatafuta misuko, akaihesabu. Ndipo akautazama uso, na alisimama pale dirishani, amewapa mgongo, mpaka Bi Nadra akaingia jikoni kuchemsha maji yasiyohitajika.

Aliporudi, Bi Salhiya alikuwa ameshaitia picha kifuani ndani ya nguo.

"Maonesho lini?"

"Jumamosi," alisema Faiza. "Lakini hakuna haja, Mama. Nafasi yetu ntawaachia wengine."

"Wanaume wataingia?"

"Wataingia. Mlango wazi."

"Kopi nyengine mnayo?"

Bi Nadra alifungua mtoto wa meza. Ilikuwepo moja, ya akiba. Bi Salhiya aliivuta, akaitazama kwa dharau kama mtu anayetazama samaki wa jana, akaiweka mezani.

"Nipeni mkasi. Na kitambaa cheusi. Si hicho, hicho kinang'ara, nani anavaa hicho? Cheusi cha kweli." Akaanza kukata mwenyewe, ulimi pembeni ya mdomo. "Ule wa kwanza ulikuwa mfupi. Nilidhani kakabwa. Ushungi unashuka mpaka hapa, mabegani. Na jina langu ulitoe, weka la kwake tu, yeye si mtoto wangu wa kutajiwa mimi. Zafarani sitaki kuiona. Andika kwa rangi ya dukani."

"Na uzi mwekundu?"

Bi Salhiya alifikiri. "Uzi uache," alisema. "Lakini uwe kijani."

Jumamosi, nyumba ya maonesho pale Shangani ilipofunguliwa saa tatu, tayari alikuwa mlangoni amekaa juu ya ngazi. Kurasa zilitundikwa kwenye kuta za ukumbi, thalathini na kitu, na Bi Salhiya aliupitia kila mmoja, si kwa sababu ya uzuri wake, bali kuona kama yumo mtu mwengine wa kwake aliyechukuliwa. Hakuwemo. Akaomba kiti. Akakiweka pembeni ya ukurasa wa Faiza, ubavu kwa ubavu, akakaa, mkoba mapajani, anawatazama watazamaji.

Wanawake aliwaachia. Wanaume aliwahesabia pumzi. Mmoja alitoa simu apige picha, akakuta mkoba umeinuka mbele ya kioo. "Hapigwi," aliambiwa. Mtalii mmoja aliuliza jambo kwa lugha yake, akajibiwa kwa Kiswahili kirefu mpaka akashukuru akaondoka. Faiza alipita mara tatu na maji, na kila akipita akimkuta mkwewe yuko vile vile, hajaegemea.

Karibu na adhuhuri akaingia mzee wa kanzu, bakora mkononi, kofia yake ya viua imefuliwa mpaka imekuwa laini. Alikuja taratibu ukuta kwa ukuta. Alipofika kwa Bi Mwanapili akasimama. Akasogea. Akarudi nyuma hatua moja. Bi Salhiya akamkazia macho, mzee hakuyaona. Alitazama ukurasa, kisha akamtazama yeye kitini, kisha ukurasa tena.

"Una jambo?" aliuliza Bi Salhiya.

"Huyu ni nani wako, Bi?"

"Kwa nini?"

"Hapana. Ni kwamba mmefanana. Hayo macho. Ni yale yale."

Katika umri wake wote hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Angeliambiwa na nani? Waliomjua mama yake walikwisha kufa, na wengine hakuwaonesha. Mkono wa Bi Salhiya ukapanda wenyewe, ukagusa chini ya jicho lake, ukashuka haraka.

"Nani kakutuma?" alisema.

"Sijatumwa na mtu. Nnatembea tu."

Alimchunguza kuanzia kofia mpaka makubadhi, na makubadhi yake yalikuwa ya mtu asiye na hila, na hilo nalo halikumtuliza.

"Haya, songa mbele, baba," alimwambia. "Watu wanasubiri nyuma yako."

Nyuma yake hapakuwa na mtu.